Nadharia ya Urubani kwa Njia ya Mtandao: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulipa

Kozi za nadharia ya urubani zinazofundishwa mtandaoni zimemwezesha mwanafunzi aliyeko Mbeya, Tanga au Kigoma kusoma nyumbani masomo ambayo zamani yangemlazimu kuhamia kwenye mji wenye chuo. Husoma kwa wakati wake, hurudia somo gumu kadiri apendavyo, na huokoa gharama za malazi. Hayo ni manufaa ya kweli.

Hata hivyo, baadhi ya kozi hizo hutangazwa kana kwamba mwisho wake ni leseni. Ni vyema mlaji aelewe tangu mwanzo kwamba hakuna kozi ya mtandaoni inayotoa leseni ya urubani. Leseni hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi, na ni mamlaka hiyo inayoamua mafunzo gani yanakubalika na mtihani gani ufanywe. Anayeuza kozi huuza masomo tu. Kwa hiyo swali la kwanza si kozi ipi iliyo bora, bali unataka leseni ya nchi gani.

Nafasi ya nadharia katika mafunzo

Viwango vya chini vya leseni za marubani vimewekwa katika Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Kwa leseni ya rubani binafsi, mwombaji awe na umri usiopungua miaka 17 na awe amerusha ndege kwa saa zisizopungua 40, au 35 iwapo amefuata mafunzo yaliyoidhinishwa. Kwa leseni ya rubani wa biashara, umri ni miaka 18, na saa ni 200, au 150 katika mafunzo yaliyoidhinishwa.

Nadharia husimama kando ya saa hizo, wala haizipunguzi. Masomo yake ni sheria za anga, ufahamu wa jumla wa ndege, uwezo wa ndege na upangaji wa safari, uwezo na udhaifu wa binadamu, hali ya hewa, uelekezaji wa safari, taratibu za uendeshaji, kanuni za kuruka na mawasiliano ya redio. Hayo ndiyo yanayoweza kusomwa mbele ya kompyuta. Saa za kuruka hupatikana ndani ya ndege pamoja na mkufunzi, na ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya gharama.

Anza na mamlaka, si na tangazo

Nchi hazifanani katika namna zinavyoyapokea masomo ya mtandaoni. Nchini Marekani, anayetafuta leseni ya rubani binafsi anaruhusiwa kujisomea nyumbani, mradi mkufunzi mwenye idhini athibitishe kwamba yu tayari kwa mtihani. Mtihani huo una maswali 60, alama ya kufaulu ni asilimia 70, na matokeo hudumu miezi 24. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, nadharia ya leseni za kibiashara husomwa chini ya chuo kilichoidhinishwa. Hata kozi ya masafa huwa na sehemu ya kuhudhuria darasani, na alama ya kufaulu ni asilimia 75 katika kila somo. Uingereza nayo, tangu ilipojitoa katika mfumo wa Ulaya mwanzoni mwa mwaka 2021, hutoa leseni zake yenyewe.

Tuchukue mfano. Binti wa Mwanza aliyemaliza kidato cha sita ananunua kozi ya Marekani kwa sababu bei yake ni nafuu. Anaikamilisha na kupata cheti cha kuhitimu. Kisha anajiunga na chuo cha urubani cha hapa nchini, anakuta mtihani wa Tanzania unafuata mtaala mwingine, na chuo kinamtaka asome nadharia upya. Kozi haikuwa ya ulaghai, ila ilitengenezwa kwa ajili ya mtihani ambao hakukusudia kuufanya. Fedha iliyopotea ni ya wazazi.

Anayekusudia leseni ya Tanzania aiulize kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), kisha akiulize chuo atakachorukia: je, kozi hii ikikamilika, mtaitambua? Jibu liwe la maandishi. Maneno ya muuzaji kwamba kozi yake “inatambulika duniani kote” hayatoshi. Nchi yaweza kuitambua au kuibadilisha leseni iliyotolewa kwingine, lakini hufanya hivyo kwa masharti yake.

Yanayofanana na yanayotofautiana

Kozi ya kigeni si bure kabisa kwa msomaji wa hapa. Kanuni za kuruka ni zilezile popote. Somo la hewa nyepesi, kwa mfano, lina maana kubwa kwa atakayerukia Arusha, mji ulio takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari: adhuhuri ya joto, injini na mabawa hupungukiwa nguvu, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia.

Sheria na taratibu ndizo hutofautiana. Mwanafunzi wa Marekani hufundishwa kutaja shinikizo la hewa kwa inchi za zebaki, ilhali sehemu kubwa ya dunia hutumia hektopaskali. Hali ya hewa nayo hufundishwa kwa mifano ya theluji na barafu, ilhali rubani wa kwetu anapaswa kuzifahamu masika, vuli, na pepo za kusi na kaskazi. Anayekariri benki ya maswali ya nchi nyingine huenda akajibu kwa ujasiri, na akakosa.

Pima afya kabla ya kulipa karo

Rubani wa biashara huhitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza, na rubani binafsi cha daraja la pili. Vipimo hufanywa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka. Tunashauri vipimo vitangulie malipo yoyote makubwa, kwani kozi iliyokwisha kusomwa ni vigumu kurejeshewa fedha yake.

Soma masharti ya mauzo

Kabla ya kulipa, pata majibu ya maswali haya:

1. Kozi imeandaliwa kwa ajili ya mtihani wa nchi gani na leseni ya aina gani?
2. Chuo kina idhini ya mamlaka ipi? Je, jina lake limo katika orodha ya mamlaka hiyo?
3. Ada ya mtihani, vitabu na siku za darasani zimo katika bei, au hulipwa kando?
4. Utaruhusiwa kuitumia kozi kwa muda gani, na malipo hujirudia yenyewe kila mwezi?
5. Yupo mkufunzi wa kujibu maswali, au ni video pekee?
6. Ukijitoa, utarejeshewa kiasi gani, na ndani ya siku ngapi?

Pale inapowezekana, lipa kwa awamu. Epuka kutuma fedha kwenye namba ya simu au akaunti ya mtu binafsi. Hifadhi stakabadhi, barua pepe na nakala ya tangazo lililokuvutia.

Ikitokea hitilafu

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumdanganya mlaji. Anza kwa kumwandikia mtoa huduma, ukieleza ulichoahidiwa na ulichopata. Asiporidhisha, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani pamoja na vielelezo vyako. Ikiwa ulilipa kwa kadi, ijulishe benki yako mapema, kwani huweza kupokea pingamizi la malipo. Muuzaji aliye nje ya nchi ni vigumu kufikiwa na sheria zetu. Kwa sababu hiyo, barua moja ya kuiuliza mamlaka kabla ya kulipa ina thamani kuliko malalamiko mengi ya baadaye.