Je, Wajua? Usiisugue Hiyo Pesa!

Sogea hapa barazani, mwenzangu, kahawa bado moto. Kibokoni yetu hii ya Mombasa, fundi akichimba msingi wa ukuta tu, jembe linagonga kitu. Mara mtoto anakuja mbio, kiganja kakifumba, anakifungua: kipande kidogo cha kijani, duara, chembamba. Kabla hujakimbilia ndimu na majivu, nisikilize!

Je, wajua kwamba kutu yenyewe inakutajia madini? Kijani ni shaba. Nyeusi kama masizi, huenda ni fedha. Nyekundu inayomeguka ni chuma. Nyeupe ya vumbi, na kitu kizito kuliko umbo lake? Hiyo risasi, ile ya chubwi za wavuvi. Na kikitoka mchangani kinameremeta kana kwamba kimeanguka jana, shika vizuri: dhahabu hailiwi na kutu hata ikilala ardhini miaka 1,000!

Na tundu je? Liangalie tundu! Likiwa la duara katikati, huenda umeshika ndururu au senti kumi za enzi ya Mwingereza. Likiwa la mraba, moyo ukuruke, maana huenda ni ya Uchina. Mwaka 2010, wachimbaji wa mambo ya kale waliipata moja Mambrui, kaskazini ya Malindi. Mwaka 2013 ikapatikana nyingine kisiwani Manda. Zote mbili zina jina la enzi ya Yongle, mfalme aliyezituma merikebu za Zheng He katika bahari yetu miaka 600 iliyopita.

Usiidharau hiyo ndururu lakini. Igeuze, soma mwaka. Ni 1936? Basi angalia jina la mfalme! Edward wa Nane alikaa kwenye kiti miezi isiyofika 11, akakiacha ili amwoe mwanamke aliyempenda. Kule kwao Uingereza, sarafu zenye sura yake hazikuwahi kutolewa zitumike madukani. Huku kwetu, kwa kuwa sarafu za tundu hazina nafasi ya sura, jina lake lilikuwa limekwisha kupigwa kwenye senti tano na senti kumi, na likaingia sokoni. Waingereza hawakumwona mfukoni mwao. Mama zetu walimnunulia mchicha!

Je, wajua kwamba mji huu umewahi kuwa na pesa zenye jina lake? Mwaka 1888, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilitoa pesa za shaba zilizoandikwa MOMBASA, herufi kubwa, pamoja na mizani na mwaka wa Kiislamu 1306. Ulihitaji pesa 64 kupata rupia moja. Hebu zihesabu, ni mfuko mzima!

Nimewahi kuishika moja iliyosuguliwa. Inang'aa kama kijiko kipya, nyekundu nzuri kabisa, na katika jina la mji zimebaki herufi tatu: MOM. Mizani imebaki kivuli. Iliniuma.

Maana ndimu, mwenzangu, haichagui. Kwenye sinia la shaba la nyumbani ni dawa, na ukwaju vilevile: sinia ni nene, halina maandishi ya kupoteza. Kwenye sarafu iliyolala ardhini miaka mingi, asidi ile inaila ile ngozi ya kijani, na mara nyingi maandishi yamebaki ndani ya ngozi hiyo hiyo. Ukiiondoa, umeondoa na herufi. Majivu nayo ni msasa, yanamalizia kazi.

Sasa fikiria ingekuwa sarafu ya Kilwa! Masultani wa Kilwa walipiga sarafu ndogo za shaba, na maandishi ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili. Shairi mfukoni! Mwaka 1944, askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota tano za Kilwa kwenye mchanga wa Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Kutoka Kilwa mpaka pale ni zaidi ya kilomita 10,000. Akaziweka tu, mpaka mwaka 1979 alipozipeleka kwa wataalamu.

Na Pemba? Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, ardhi ilifunguka ikatoa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari za dhahabu. Elfu mbili, umesikia?

Reale ya Maria Theresa, ile fedha nene ya bibi mwenye kifua, isikuchanganye. Karibu zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa majuzi. Mwaka wa juu ya sarafu si lazima uwe mwaka wake wa kuzaliwa!

Tushuke baharini kidogo, hapo chini ya Ngome ya Yesu. Mwaka 1697, Waomani wameizingira ngome, mzingiro uliochukua miezi 33, merikebu ya Kireno iitwayo Santo António de Tanná ikazama pale pale chini ya kuta. Wazamiaji walianza kuichimba rasmi mwaka 1977, wakamaliza 1980. Lakini kazi ngumu ilikuwa juu, si chini! Mbao zilizolowa maji miaka 280 zikikauka ghafla zinajikunja na kupasuka, kwa hiyo hulowekwa kwenye dawa kama nta inayoingia polepole huku maji yakitoka.

Je, wajua kwamba tufe la mzinga la chuma likikaa baharini karne mbili tatu laweza kukatwa kwa kisu? Chumvi inakula chuma, inaacha kaboni laini kama ncha ya penseli, na umbo linabaki lile lile. Ukilianika juani linapasuka vipande. Ndiyo maana cha baharini hakikaushwi: kinalowekwa, maji yanabadilishwa na kubadilishwa, miezi, pengine miaka, mpaka chumvi iishe.

Shaba nayo ina maradhi yake. Ukiona unga wa kijani mpauko, laini, unaorudi kila ukiufuta, hiyo chumvi inakula ndani kwa ndani, na hewa yetu ya unyevu inaichochea. Iweke pakavu kabisa, kwenye kopo lililofungwa. Kwa udongo wa kawaida, maji safi ya kujazia betri, si asidi yake, na kijiti cha mbao vinatosha. Polepole!

Na ile mashine ya kutafutia chuma ardhini, unajua ilianzia wapi? Mwaka 1881, Alexander Graham Bell, huyo huyo wa simu, aliitumia kuitafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani. Haikufaulu. Kitanda kilikuwa na springi za chuma!

Usiinunue ukaanza kuchimba, lakini. Sheria ya mwaka 2006 inataka leseni, na kitu chochote kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale. Ukikiokota una siku 7 kuwaarifu Makumbusho ya Taifa. Wako pale Ngome ya Yesu: kutoka Kibokoni ni hatua chache tu, ngome unaiona.

Moja bado, nisikuache bila hii. Mwaka 2014, pwani ya Oman, katika mabaki yanayoaminika kuwa ya Esmeralda, merikebu ya msafara wa Vasco da Gama iliyozama 1503, wazamiaji walitoa kisahani cha shaba cha sentimita 17.5. Nembo ya Ureno ilionekana, zaidi ya hapo jicho halikuona kitu. Hawakukisugua. Walikipitishia mwanga wa leza, na alama zikajitokeza ukingoni, moja kila nyuzi 5: kipimo cha nahodha cha kupimia jua!

Haya, mwite yule mtoto. Kile cha kijani kiganjani mwake kina tundu la namna gani?