Kifua Kikibana, Akili Nayo Huteseka

Si jambo geni visiwani mwetu kumkuta mzee aliyekuwa mcheshi barazani sasa amekuwa mkali, msahaulifu na mwenye kukesha. Jamaa husema ni uzee. Wengine husema ni shetani. Aghalabu hakuna anayeuliza habari za kifua chake.

Ugonjwa sugu wa mapafu, uletwao hasa na tumbaku na moshi wa kuni, huzuia hewa safi kuingia na hewa chafu kutoka. Ubongo, ambao uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, hutumia kiasi cha asilimia 20 ya oksijeni yote. Oksijeni hiyo ikipungua, fikra hupwaya na kumbukumbu hufifia. Usiku pumzi huzidi kuwa hafifu. Mgonjwa hugutuka mara kwa mara, na asubuhi huamka na kichwa kizito. Hofu ya kukosa pumzi nayo huzaa huzuni, na huzuni humfungia mtu ndani.

Kwa hiyo, ndugu wananchi, tusimpe mgonjwa huyo dawa za usingizi bila ya idhini ya daktari, kwani zaweza kuidhoofisha pumzi yake. Nao viongozi wa afya hawana budi kuhakikisha kwamba anayepimwa kifua anaulizwa pia juu ya usingizi wake na huzuni yake. Tumbaku tuiache. Mama aliyepuliza moto jikoni tangu usichana wake apatiwe jiko lisilo na moshi.

Kumwita mgonjwa wa mapafu mwendawazimu ni dhulma.