Nani Atamsemea Mchimba Shaba?

Katika historia ya vyama vya wafanyakazi barani Afrika, Zambia ina mahali pa pekee. Wengi huikumbuka nchi hiyo kwa shaba yake na kwa reli tuliyoijenga pamoja nayo. Wachache hukumbuka ya kuwa kwa muda wa miaka 60 wachimba madini wake walishindana na kila mkubwa juu ya swali moja: ni nani mwenye haki ya kumteua mtu wa kuwasemea? Makampuni yalijaribu kuwateulia. Serikali ya Kiingereza ilijaribu. Na, jambo ambalo sisi tuandikao katika gazeti la chama hatuna budi kulisema bila kumung'unya maneno, hata chama kilicholeta uhuru kilijaribu.

Mwaka 1931 kampuni ya Roan Antelope, yenye mgodi wake Luanshya, iliweka wazee wa makabila katika kambi ya wafanyakazi Waafrika. Wengi wao walikuwa jamaa za machifu. Kazi yao ilikuwa kupatanisha mume na mke, kusuluhisha majirani, na kumpelekea msimamizi wa kambi habari za watu. Hatusemi kwamba walikuwa watu wabaya. Kijana aliyetoka kijijini, ambaye hajapata kuishi ukuta kwa ukuta na mtu wa kabila lingine, hupata faraja amwonapo mzee wa kwao. Lakini ugomvi wa mshahara si ugomvi wa ndoa, na mzee aliyepewa kiti na kampuni atawezaje kusimama mbele ya kampuni hiyo hiyo na kuiambia kwamba inadhulumu?

Jibu lilipatikana Mei 1935. Serikali ya Rhodesia ya Kaskazini, kama ilivyoitwa wakati ule, ilipandisha kodi ya kichwa katika miji ya migodi ikawa shilingi 15 kwa mwaka, huku ikiwapunguzia watu wa vijijini. Mtu aliyeanza kazi ya juu ya ardhi alikuwa akipata shilingi 12 na senti 50 kwa zamu 30. Yaani kodi ilizidi ujira wake wa mwezi mzima. Wafanyakazi wa Mufulira waligoma, kisha Nkana, kisha Luanshya. Wazee wa makabila hawakusikilizwa na mtu. Tarehe 29 Mei, mbele ya ofisi ya kambi ya Luanshya, polisi walipiga risasi na watu 6 wakafa.

Hapa pana jambo ambalo wasomaji wetu wa pwani watalipokea kwa mshangao. Tume iliyochunguza mgomo ule ilijishughulisha sana na ngoma iitwayo Mbeni. Ngoma hiyo ni beni yetu hii hii, iliyochezwa Lamu, Mombasa na Tanga kwa tarumbeta na vyeo vya kijeshi, ikachukuliwa bara na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza hata ikafika kwenye migodi. Wenye kampuni waliiona kuwa mchezo wa watu wa kazi siku ya Jumapili. Kumbe ndani yake watu wa makabila mbalimbali walikwisha kujifunza kuchagua viongozi, kutoa michango, kuzikana, na kupelekeana habari kutoka mgodi mmoja hadi mwingine. Chama kilikuwako kabla hakijapewa jina la chama.

Miaka 5 baadaye yakawa yale yale, tena makubwa zaidi. Machi 1940 wachimbaji Wazungu, waliokuwa na chama chao tangu 1936, waligoma wakapata nyongeza. Waafrika, walioona kwa macho yao kwamba mgomo hulipa, wakaacha kazi nao. Huko Mufulira walichagua halmashauri ya watu 17 iseme kwa niaba yao, wakawapita wazee wa makabila kana kwamba hawapo, na mgomo wa huko haukumwaga damu. Nkana haikuwa hivyo. Tarehe 3 Aprili askari walifyatua risasi penye ofisi ya kambi na watu 17 wakapoteza maisha. Mzungu aligoma akaongezwa mshahara. Mwafrika aligoma akazikwa. Hata baada ya hayo wenye madaraka waliendelea kunena ya kuwa Mwafrika hajawa tayari kwa chama cha wafanyakazi.

Vita vilipokwisha, serikali ya chama cha Labour ya Uingereza ilimpeleka huko William Comrie, mtu wa vyama vya wafanyakazi kutoka Scotland. Alifika 1947. Mwaka 1949 matawi ya migodi yaliungana kuwa chama kimoja cha wachimbaji Waafrika, na rais wake akawa Lawrence Katilungu, aliyepata kuwa mwalimu. Oktoba 1952 chama hicho kiliitisha mgomo, na kwa majuma 3 migodi yote ikasimama kimya, pasipo jiwe kurushwa wala risasi kupigwa. Mwamuzi aliyeletwa aliwapa nyongeza Januari iliyofuata. Mwaka 1953 chama kikadai wazee wa makabila waondolewe. Ilipigwa kura kambini, na wafanyakazi, kwa wingi mkubwa mno, wakawakataa wazee. Kwa maoni yetu kura ile ni tukio kubwa kuliko migomo yote, kwa maana siku ile Mbemba, Mlozi na Mnyakyusa aliyetoka kwetu walitamka pamoja kwamba mgodini wao ni wachimbaji.

Ni mwaka ule ule chama hicho kilipogongana na siasa. Wakoloni walikuwa wakiunda Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, na Harry Nkumbula wa African National Congress akaitisha siku 2 za maombi katika Aprili, watu wasiende kazini. Katilungu alikataa, na wachimbaji wengi wakaingia migodini kama kawaida. Wanasiasa walimwita msaliti. Sisi twaona kwamba alihesabu mambo yake: alihofu kwamba chama kikigoma kwa siasa kitavunjwa. Lakini tahadhari yake haikukiokoa. Baada ya mgomo wa siku 58 mwaka 1955, makampuni yaliwatenga makarani na manyapara katika chama chao cha pembeni, na Septemba 1956 serikali ikatangaza hali ya hatari na kuwakamata viongozi wa wachimbaji kwa makumi. Katilungu mwenyewe aliondolewa na wanachama wake mwishoni mwa 1960, baada ya kukubali kuketi katika Tume ya Monckton iliyochunguza mambo ya Shirikisho.

Uhuru ulikuja tarehe 24 Oktoba 1964. Migomo ya 1966 ilileta tume nyingine na nyongeza ya asilimia 22. Mwaka 1969 Rais Kaunda alitangaza kwamba taifa litachukua asilimia 51 ya migodi. Tangu hapo, mchimbaji aliyegoma alikuwa akiigomea serikali yake, na sheria ya 1971 iliufanya mgomo wa halali kuwa karibu muhali. Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi. Nchi ilikula kwa shaba, bei ya shaba ilianguka tangu 1975, na mkulima wa Luapula hakuwahi kuuona mshahara wa mtu wa Nkana. Lakini hoja njema haimpi mtu ruhusa ya kuchagua msemaji wa mwingine. Mwaka 1980 sheria mpya iliunganisha vitongoji vya migodi na mabaraza ya wilaya yaliyo mikononi mwa chama tawala, UNIP. Viongozi wa wafanyakazi walipinga. Januari 1981 viongozi 17 wakafukuzwa uanachama wa UNIP. Wachimbaji waliweka zana zao chini, na kabla miezi mingi haijapita wakubwa wale wakarudishiwa kadi zao. Julai mwaka huo huo wakubwa 4 waliwekwa kizuizini, akiwamo Frederick Chiluba, ambaye katika ujana wake alipata kufanya kazi katika shamba la mkonge nchini kwetu. Walitoka. Tarehe 31 Oktoba 1991 Chiluba alimshinda Kaunda kwa kura.

Kilichofuata ni kichungu. Ni serikali ya kiongozi huyo wa wafanyakazi iliyouza migodi kuanzia 1997. Luanshya, mgodi ule ule wa 1935, uliuzwa kwa kampuni ya Binani; mwaka 2000 ukawa mikononi mwa wafilisi, na maelfu wakabaki bila kazi. Penye migodi iliyoendelea, kazi nyingi zilipewa makandarasi. Tarehe 20 Aprili 2005 kiwanda cha baruti huko Chambishi kililipuka, kikaua watu zaidi ya 40. Wengi wao walikuwa vijana wa kibarua. Kibarua wa mkandarasi leo yumo kazini na kesho hayumo. Mara nyingi jina lake halimo katika daftari la chama chochote, wala hakuna aliyemwuliza amchague nani.