Msitu wa Mlimani ni Wako Pia

Ndugu mkulima wa Kagunga, leo tuzungumze juu ya jirani yako wa mlimani, sokwe. Kusini ya kijiji chako ipo Gombe, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968. Ni hifadhi ndogo, na sokwe hajui mpaka. Hutoka kutafuta matunda katika misitu ya vijiji. Msitu ukiisha, atapita wapi? Shambani kwako!

Tangu mwaka 1994 mradi wa TACARE umesaidia vijiji vya Kigoma kupanda miti, na baadaye kutenga misitu yao. Nawe una sehemu yako.

Kiangazi, kuanzia Juni, nyasi ni kavu: usichome moto ovyo. Mvua zikianza, usilime kando ya kijito wala kwenye mteremko mkali, maana mizizi ya miti ndiyo inayoshika udongo. Mazao yakikomaa, linda shamba, lakini usimwachie mtoto kazi hiyo peke yake; sokwe akishtuka hujeruhi. Wala usimsogelee, maana mafua yetu humwambukiza.

Je, msitu unamfaa sokwe tu? La! Unakutunzia maji, na udongo wa mihogo yako.