Magugu ya Tutani: Utangulizi wa Elimu ya Palizi Nyepesi

Mkulima wa Lushoto hahitaji kufundishwa kupalilia. Kijembe amekishika tangu utotoni, na kabla hajajua kusoma alikwisha kujua kutofautisha mche wa karoti na jani linalojifanya karoti. Anayetaka kujifunza namna ya kung'oa atawapata walimu bustanini, wengi wao akina mama, na wanaijua kazi hiyo kuliko mwandishi yeyote. Elimu ya magugu inaanzia kwingine. Inauliza kwa nini tuta lililopaliliwa vizuri linageuka kijani tena baada ya wiki mbili, majani yale yalikuwa wapi, na nani aliyeyaamsha. Jibu lake, ambalo ndilo shina la utangulizi huu, ni kwamba sehemu kubwa ya palizi tunajizushia wenyewe kwa jembe letu. Ukilielewa hilo, utapunguza kazi pasipo kununua dawa wala mashine.

Karibu basi, na tuanze na gugu lenyewe. Vitabu husema gugu ni mmea ulioota pasipotakiwa. Usambara maelezo hayo hayakai vizuri, maana mmea usiotakiwa asubuhi unaweza kutakiwa sana jioni. Mchicha unaojiotea kati ya kabichi, mnavu uliochomoza penye samadi, hata majani machanga ya kishona nguo, yote huishia chunguni katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Mwaka 1979 mwanaanthropolojia Anne Fleuret alichapisha utafiti wake kuhusu mboga za majani za porini katika chakula cha watu wa Lushoto. Alionyesha kwamba majani hayo yasiyopandwa na mtu yalikuwa na nafasi kubwa katika kitoweo cha kila siku; hayakuwa chakula cha kukimbilia wakati wa njaa tu. Kwa hiyo kabla ya kushika kijembe, litazame tuta na uamue lipi la kula, lipi la kuvumilia na lipi la kupigwa vita. Nimeona vibarua wakisifiwa kwa kung'oa mnavu uliokuwa na thamani kuliko figili zilizoachwa.

Upande wa pili wa jambo hilo uko ng'ambo ya bonde la Lwengera, Usambara Mashariki. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua Amani kituo cha utafiti wa biolojia na kilimo, wakapanda humo miti na vichaka kutoka pembe nyingi za tropiki. Baadhi ya wageni hao hawakutaka kubaki bustanini. Clidemia hirta, kichaka cha Amerika ya tropiki, kiliingia msituni na kimo humo hadi leo. Maesopsis eminii, mti unaokua haraka, ulipandwa kwa nia njema kabisa. Hondohondo wakapenda matunda yake, wakazieneza mbegu mahali ambapo hakuna mtu aliyepanga mti huo uote. Na katika milima hiyohiyo, mwaka 1892, Baron Walter von Saint Paul-Illaire aliokota kaua ka zambarau ambako sasa kanalelewa kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Mmea mmoja unapokewa kama mgeni wa heshima, mwingine unalaaniwa, na kinachoamua ni mahali ulipotua.

Matutani mwetu namo wamejaa wageni. Lile jani dogo lenye ua la njano katikati na petali tano nyeupe pembeni, ambalo kila mlima mboga analijua kwa macho hata kama hana jina lake, ni Galinsoga parviflora. Asili yake ni Peru. Mwaka 1796 lilipelekwa bustani ya Kew, London, kama mmea wa kuonyeshwa, likatoroka ukuta, na sasa limeenea karibu kila penye udongo uliolimwa na baridi kiasi. Siri yake ni haraka. Linatoa maua likiwa bado changa, mbegu zake ni nyingi, na nyingi kati ya hizo ziko tayari kuota mara zinapoanguka. Penye unyevu wa mwaka mzima, kama mabondeni kunakomwagiliwa kiangazi, linaweza kupitisha vizazi kadhaa kabla ya masika mengine.

Lakini si mbegu zote zina haraka. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William James Beal, wa Michigan nchini Marekani, alijaza chupa 20 kwa mchanga uliochanganywa na mbegu za magugu, akazifukia, na kuagiza zifukuliwe moja moja kwa nyakati zilizopangwa. Yeye amekufa zamani, na waliompokea kazi nao wamekufa, lakini jaribio linaendelea. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021 ilikuwa na mbegu za Verbascum ambazo, baada ya zaidi ya miaka 140 gizani, ziliota. Wataalamu huita mbegu zinazongoja ardhini namna hiyo akiba ya mbegu. Chini ya tuta lako ipo, na sehemu yake huenda iliwekwa na aliyelima hapo kabla yako.

Mbegu inajuaje kwamba wakati umefika? Zipo zinazosikiliza joto, zipo zinazosikiliza unyevu, na zile ndogondogo, ambazo ndizo zinazotusumbua zaidi, husikiliza mwanga. Mwaka 1952, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Beltsville, Marekani, Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao walionyesha jambo hilo kwa mbegu za saladi, mboga ileile tunayoipeleka sokoni. Mwanga mwekundu wa muda mfupi uliziamsha. Mwanga mwekundu wa mbali, ambao jicho letu haliuoni vizuri, ulizirudisha usingizini. Wakabadilisha mara nyingi, na kila mara mbegu zilitii mwanga wa mwisho. Sasa zingatia kwamba jani la kijani hunyonya ule mwekundu wa kwanza na kuuachia upite ule wa pili. Mbegu iliyo chini ya kivuli cha majani inapata habari kwamba juu kuna wenyeji, na haina sababu ya kuhangaika. Jembe linapopindua udongo, mbegu iliyokuwa gizani inarushwa juani kwa sekunde chache, kisha inafukiwa tena kidogo, ikiwa na unyevu na ikiwa imeshapata habari kwamba juu pako wazi. Kulima kwa kina, kazi tunayoifanya kwa jasho ili kuyamaliza magugu, ndiko kunakoyapanda.

(Watafiti wa Ujerumani walifika hatua ya kujaribu kulima usiku ili mbegu zisione mwanga. Matokeo yalitofautiana kutoka shamba hadi shamba. Kwenye miteremko ya Usambara siwezi kumshauri mtu ashuke na jembe gizani.)

Kutoka hapo mbinu zinajitokeza zenyewe, na zote zinahusu kutopindua udongo na kutoacha mwanga ufike chini. Iliyo muhimu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni tuta la kungojea. Andaa tuta kama kwamba unapanda kesho. Lisawazishe, limwagilie, kisha usipande. Baada ya wiki mbili hivi, au tatu wakati wa baridi ya Juni na Julai, uso wote utakuwa umejaa vijimea. Chagua asubuhi ambayo ukungu umeondoka na jua linakuja, paruza uso kwa kijembe chenye makali, sentimeta moja au mbili tu, uviache vikauke palepale. Mbegu ndogo huota zikiwa katika tabaka hilo la juu. Ukilimaliza bila kuleta udongo wa chini, umewamaliza wale waliokuwa mlangoni. Ndipo upande, ukigusa udongo kidogo iwezekanavyo. Karoti na vitunguu ndivyo vinavyofaidika zaidi. Karoti huchukua siku 10 hadi 20 kuchomoza, na kitunguu hata kikikomaa majani yake hayatoi kivuli cha kumtisha mtu.

Kabichi, kinyume chake, ni mpiganaji. Ukiipandikiza kama mche wa wiki nne au tano kutoka kitaluni, imeshawatangulia wapinzani wake kwa mwezi mzima. Ipaliliwe vizuri katika wiki za mwanzo, hadi majani ya miche jirani yakutane. Yatakayoota baada ya hapo hayatapunguza mavuno kwa kiasi cha kukutoa kitandani alfajiri. Yakatwe vichwa tu yasifikie kutoa mbegu. Kosa la kawaida ni kugawa nguvu sawasawa katika msimu wote, wakati mmea unahitaji msaada ukiwa mdogo. Kiangazi, mwagilia shina la mboga badala ya tuta zima. Maji yanayomwagwa katikati ya mistari yanayalea magugu.

Lipo kundi ambalo halitii sheria hizi, kwa sababu halitegemei mbegu. Ndago ndiyo kiongozi wake. Chini ya ardhi viazi vyake vidogo vimeunganishwa kwa mnyororo, na kile kinachoota mbele huwazuia wenzake wasiote. Ukikata mnyororo kwa jembe, kila kiazi kinakuwa huru na kinachipua. Ndago hutoboa hata karatasi za plastiki, lakini ina udhaifu mmoja mkubwa: haivumilii kivuli. Tuta lililovamiwa na ndago lipewe viazi vitamu au maboga kwa msimu mzima, na kila jani la ndago linalopenya ling'olewe mapema, ili akiba iliyo chini iishe kwa kuchipua bila kujazwa. Ukoka na sangari vinataka uma badala ya jembe, na subira ya kuufuata mzizi hadi mwisho wake. Na lile jani laini lenye maua ya bluu, Commelina benghalensis, lina ujanja ambao wengi hawaujui: mbali na maua yanayoonekana, huzaa mengine chini ya udongo, yanayotoa mbegu bila kuliona jua. Vipande vya shina lake vilivyoachwa tutani wakati wa masika huweka mizizi upya. Litolewe lote na wapewe sungura.

Tumebakiwa na jambo gumu zaidi, ambalo halihusu mimea bali macho ya majirani. Tuta jekundu, tupu, lisilo na jani kati ya mistari, huhesabiwa kuwa la mtu mchapakazi. Kwenye tambarare usafi huo una gharama ndogo. Kwenye mteremko, mvua ya masika hupiga udongo ulio uchi, na udongo huo hauonekani tena. Serikali ya Waingereza iliona mmomonyoko huo, ikaanzisha Mlalo mwaka 1946 mpango wa kuhifadhi ardhi uliowalazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia maji. Wasambaa waliupinga kwa miaka, na ukaachwa kabla ya Uhuru; mwanahistoria Steven Feierman ameeleza mvutano huo kwa kina. Kwa ninavyosoma, chanzo chake kimoja ni kazi: mpango uliongeza jembe juu ya jembe kwa watu ambao tayari walikuwa wamechoka. Mradi wa SECAP, ulioanza Lushoto mwaka 1981 kwa ushirikiano na Ujerumani, ulichukua njia ya mistari ya majani, hasa gwatemala, yanayopandwa kukingama mteremko na kukatwa kwa malisho. Mistari hiyo bado unaiona ukipanda kutoka Soni.

Matandazo yanamaliza matatizo mawili kwa pamoja, kwa maana yanaficha mwanga na yanapokea tone la mvua. Unene wa sentimeta 5 ukianza ni mzuri, 10 ni bora kwa mboga kubwa, yasiguse shina la mche. Ruth Stout, bibi wa Connecticut nchini Marekani, aliandika mwaka 1955 kitabu kizima cha kusifu bustani iliyofunikwa majani makavu mwaka wote, akidai mgongo wake haukuuma tena. Masanobu Fukuoka wa kisiwa cha Shikoku, Japani, alifanya kama hayo kwa mabua ya mpunga. Wote wawili nawapenda, lakini hawakuwa na ng'ombe wa Lushoto anayefugwa ndani akingoja kuletewa majani mara mbili kwa siku. Kila mzigo unaotandazwa tutani ni mzigo ambao mtu angeweza kumpelekea ng'ombe, na mara nyingi mtu huyo ni mama yuleyule anayepalilia. Masika, matandazo mazito huwafuga konokono pia, na miche ya saladi italiwa usiku mmoja.

Hapo ndipo elimu hii inapohitaji akili za watu wa mahali kuliko vitabu. Magamba makavu ya migomba na majani yanayodondoka chini ya migrevilea ng'ombe hayataki sana, nayo yanatandazika vizuri. Samadi mbichi isipelekwe tutani, kwa sababu mbegu nyingi hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai. Irundikwe kwanza ipate joto la nyuzi 55 au zaidi, igeuzwe, iwe mboji. Gwatemala ale ng'ombe. Mabua anayoyaacha horini, yaliyokanyagwa na kulowa mkojo, hayana tena kazi bandani. Yachukuliwe kabla hayajaoza, yatandazwe kati ya kabichi.