Kwa nini jina la babu halionekani katika rekodi

ANAYETAFUTA jina la babu yake katika kumbukumbu za enzi ya ukoloni huenda akarudi mikono mitupu, si kwa sababu babu hakuandikishwa, bali kwa sababu jina lake liliandikwa kwa namna ambayo hata mwenyewe asingelitambua.

Hili si jambo dogo. Magharibi mwa jiji la Nairobi, katika mitaa kama vile Dagoretti na Kangemi, ambako mashamba ya ukoo yamezingirwa na nyumba za kupangisha, herufi moja yaweza kuzua mzozo kuhusu mrithi halali.

Kosa la kwanza lilianzia sikioni. Sensa ya mwaka wa 1948 ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuhesabu watu wa jamii zote nchini. Kabla ya hapo, idadi ya Waafrika ilikadiriwa, hasa kutokana na orodha za kodi. Nayo sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimu wanaume Waafrika kubeba kipande chenye jina na alama za vidole.

Karani aliandika alichokisikia. Gikuyu ina irabu mbili ambazo hazimo katika Kiswahili, na ndiyo sababu Githinji huonekana pia kama Gethenji. Vilevile, Chege huandikwa Cege au Shege. Anayepekua herufi ya "Ch" pekee hatampata aliyewekwa chini ya "S".

Kosa la pili hutokea wakati wa kunakili. Wino ukififia, "O" na "A" hufanana. Kwa Waluo, Otieno ni mwanamume aliyezaliwa usiku na Atieno ni mwanamke. Hivyo, mnakili anapokosea herufi hiyo moja, humgeuza baba kuwa mama.

Kosa la tatu hutokana na kutoelewa mila. Miongoni mwa Wakikuyu, kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Chege wa Githinji humzaa Githinji wa Chege, ambaye naye humzaa Chege wa Githinji. Asiyejua desturi hiyo hudhani kuwa babu na mjukuu ni mtu mmoja, au akaliondoa neno "wa" na kuligeuza jina la baba kuwa la ukoo.

Mipaka nayo huongeza utata. Dagoretti ilikuwa sehemu ya Kiambu kabla ya mipaka ya Nairobi kupanuliwa, kwa hivyo faili za wakazi wake wa zamani hazitafutwi chini ya Nairobi pekee.

Mtafiti afanyeje basi? Kwanza, alitamke jina kwa sauti na kuandika kila namna ambayo mgeni angelisikia. Pili, alilinganishe na jina la baba, kijiji na nambari ya kipande. Tatu, asitosheke na nakala iliyopigwa chapa. Katika jumba la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, kando ya barabara ya Moi Avenue katikati mwa jiji, aombe kuiona nyaraka ya awali ikiwa ipo.

Akigundua kosa, asiifute nyaraka ya kale. Tahajia sahihi iandikwe kando yake, ili vizazi vijavyo vione karani aliandika nini na mwenye jina aliitwa nani.