Kompyuta Huupokeaje Mwandiko wa Mkono?

Mwalimu asahihishapo insha haandiki maneno matupu. Hulizungushia kosa duara, hupigia sentensi mstari, huchora mshale kuonyesha aya ihamie wapi. Siku hizi kazi hiyo yaweza kufanywa kwa kalamu juu ya kioo cha kompyuta. Je, kompyuta hupokea nini hasa: picha ya mwandiko, au mwendo wa mkono ulioandika?

Jambo hili si geni. Mwaka 1964, M. R. Davis na T. O. Ellis wa shirika la RAND, Marekani, walieleza kibao cha kuandikia chenye ukubwa wa sentimita 26 hivi kila upande. Ndani yake mlitandazwa nyaya nyembamba mno, 1,024 kwa mlalo na 1,024 kwa wima, kila waya ukitoa ishara yake mahsusi. Kalamu ilizinasa ishara hizo, na hivyo mashine iliweza kupambanua mahali zaidi ya milioni moja.

Msingi wake ungali ule ule. Kompyuta haioni herufi. Hupima tu mahali ncha ya kalamu ilipo, tena na tena. Vipimo vyote, tangu ncha iguse kioo hadi iinuliwe, hufanya mkokoto mmoja wa kalamu. Tuseme mkono unakwenda sentimita 10 kwa sekunde. Ukipimwa mara 100 kwa sekunde, vipimo vitaachana kwa milimita 1, na tao la herufi litabaki tao. Ukipimwa mara 10 tu, vitaachana kwa sentimita 1, na umbo la "o" ndogo litapotea kabisa.

Mfuatano wa vipimo nao una thamani. Aandikapo neno "mti" kwa mwandiko wa kuunganisha, mtu humaliza kwanza mwili wa neno, kisha hurudi kuikata "t" na kuitia "i" kitone chake. Programu ikifuata wakati peke yake, itakidhani kitone hicho kuwa herufi ya mwisho. Ikitazama picha peke yake, haitajua mkono ulikopitia. Hapana budi itumie yote mawili.

Zito zaidi ni suala la alama za mwalimu. Tuseme amelizungushia duara neno lenye kosa katika mstari wa 5. Mwanafunzi akiongeza sentensi mbili mwanzoni, maneno yote yatashuka. Lakini duara lililofungwa kwenye ukurasa litabaki pale pale, likilihukumu neno lisilo na hatia. Programu iliyo bora huifunga alama kwenye neno lenyewe. Tena huihifadhi mikokoto ya asili hata baada ya kuugeuza mwandiko kuwa chapa, kwa maana mashine yaweza kusoma vibaya. Mikokoto ikiwapo, kosa hurekebishika.

Jaribio la darasani: Chora polepole herufi "S" kubwa kwenye karatasi ya grafu, ukitia alama kila mwenzako apigapo kofi, mara moja kwa sekunde. Orodhesha vipimo vya kila alama, vya mlalo na vya wima, kwa mfuatano wake. Mpe orodha rafiki asiyeuona mchoro, aziweke alama na kuziunganisha. Kisha mpe mwingine orodha hiyo hiyo ikiwa imevurugwa. Linganisheni michoro yao miwili, nanyi mtaona ni nini hupotea mfuatano unapopotea.